Mtaji Mdogo, Wateja Wasiotabirika: Ninunue Kiasi Gani?

SWALI: Nauza maziwa na mikate gengeni, Morogoro. Kila alfajiri nina sh. 120,000 tu. Maziwa nanunua 1,200 kwa lita, nauza 2,000. Yakibaki, muuza mtindi anayachukua kwa 700. Mkate nanunua 1,500, nauza 2,000. Ukilala nauza 1,000. Siku nyingine mali inabaki, siku nyingine wateja wanarudi mikono mitupu. Fedha hizi nizigaweje?

JIBU: Dada, usinunue kwa kufuata wastani. Lita ikikosekana unapoteza faida ya 800. Ikibaki unapata hasara ya 500. Gawa 800 kwa 1,300, yaani jumla ya hizo mbili: 0.615. Panga mahitaji ya siku 20, yaani lita walizotaka wateja kila siku, kuanzia dogo hadi kubwa. 0.615 mara 20 ni 12.3, basi chukua namba ya 13. Mkate faida na hasara ni 500 kwa 500, kwa hiyo namba ya 10 inatosha.

Tuseme daftari limekupa lita 70 na mikate 40. Hizo ni sh. 144,000, umezidisha 24,000. Usipunguze kote kwa kiwango kimoja. Kata kwa mafungu ya 12,000, yaani lita 10 au mikate 8, na kila mara uondoe lenye faida tarajiwa ndogo, yaani wastani wa faida ukihesabu siku linapouzwa na siku linapobaki. Lita ya 61 hadi ya 70 zikihitajika siku 10 kati ya 20, kila moja ina nusu ya 800 kutoa nusu ya 500: 150, fungu zima 1,500. Mkate wa 33 hadi wa 40, ukitakiwa siku 12, una 100, fungu 800. Ondoa mikate hiyo. Mikate 8 inayofuata kushuka, wa 25 hadi wa 32, hutakiwa siku 16, fungu lake ni 2,400. Hiyo iache, kata lita 10. Zinabaki lita 60 na mikate 32: 120,000 kamili.

Wengi huharibu hesabu hii kwa kuandika mauzo badala ya mahitaji. Maziwa yakiisha saa mbili asubuhi, daftari litasema 60 hata kama walitaka 85, na kesho utanunua kidogo tena. Andika saa yalipoisha na waliokosa. Siku za gulio ziwe na ukurasa wake, na Ramadhani vilevile.

Ukipewa mkopo wa 12,000 wa siku moja, utarudisha zile lita 10. Kubali ikiwa riba haifiki 1,500.