Nahodha na ligi yake ya nailoni

Salaam aleikum mhariri na wasomaji wenzangu. Swali lenu la wiki hii mmeuliza hivi, gemu na kompyuta za zamani zilikuwa bora kuliko za sasa au ni sisi tu tumezeeka? Najua wengi watajibu kwa picha, ati zamani picha mbaya lakini utamu mwingi. Mimi huko siendi. Picha za sasa ni nzuri mashallah, na anayebisha atizame tena zile za zamani kwenye TV kubwa aone vile wachezaji hawakuwa hata na vidole. Langu ni moja tu, zamani kitu ukikinunua kilikuwa chako mpaka kife, na kikifa kuna fundi wa kukifufua, sa hivi wanunua ruhusa ya kukitumia na mwenye ruhusa yake aweza kuichukua akitaka.

Mimi ni mtu wa Lamu, Langoni, na kuanzia 2005 mpaka 2012 nilikuwa na chumba cha gemu, chini kwenye nyumba ya marehemu babu, kuta zile nene za matumbawe, nje jua lawaka ndani baridi. Mashine tatu za gemu za PlayStation 2, yaani PS2, TV tatu zile nene zenye mgongo, mabenchi mawili na feni moja ambayo kila mtu alidai yampulizia mwenzake. Mchezo mmoja shilingi tano, ukifungwa waamka mwingine akae. Wakati huo stima yetu ilikuwa ya jenereta za dizeli, ikizima ni mji mzima, na ikizima dakika ya 88 mtu anaongoza moja bila, wallahi nadhani hata punda usitani walikuwa wakishtuka kwa makelele.

PS2 ilitoka Japani Machi 2000 na Sony wenyewe walioitengeneza wasema waliuza zaidi ya milioni 160, hakuna mashine nyingine ya gemu ya kukaa sebuleni iliyofika hapo. Sasa sidhani kuna mhandisi wa Tokyo aliyewaza kuwa yake moja itakuja kuishi hatua chache tu kutoka baharini. Adui yetu alikuwa chumvi. Kusi ikianza hewa yote chumvi, ukigusa meza yanata, kila chuma chapata kutu, na lenzi ya PS2 yaingia ukungu diski haisomi tena, yazunguka tu ikilia kama mtu asaga nazi. Lakini dawa yake tulikuwa nayo. Unaigeuza, wang'oa vile vifuniko vidogo vya plastiki huko chini, skrubu zipo ndani yake, wainua gamba polepole manake kuna waya mwembamba mbele ukiukata umekwisha, kisha waliona jicho la lenzi, dogo, kama tone la maji. Kijiti cha masikio, spiriti kidogo, wapangusa mara moja usirudie-rudie, waiacha ikauke. Dakika ishirini na watu washarudi mabenchini. Ikikataa kuna skrubu ndogo sana pembeni ya lenzi ya kuongeza nguvu ya mwanga, hiyo waizungusha upana wa unywele, ukizidisha waiunguza. Mimi niliunguza moja, pesa ya mwezi mzima ikaenda, lakini nilijua kosa ni langu na nilijua nimekosea wapi.

Nisijitie usafi pia. Diski zetu zilikuwa za kunakiliwa, zikija na basi kutoka Mombasa kwenye mfuko wa karatasi, na mashine zenyewe zimetiwa chipu ya kuzifanya zisome nakala. Diski halisi hapa hakuna duka lililokuwa likiuza hata ungekuwa na pesa. Haki si haki, hiyo tuiache.

Lakini nataka niwaambie habari ya Nahodha, manake jibu langu lote liko kwake. Tukimwita Nahodha lakini hakuwa na jahazi lolote, alikuwa mvuvi wa kamba wa Kizingitini, akija Lamu kuuza kila baada ya siku nane tisa. Akishauza haendi hotelini haendi popote, aja kwangu moja kwa moja bado anuka bahari, asimama mlangoni asema "Nipisheni, ligi yangu yaningoja." Ligi yenyewe ni ile ya PES, gemu ya mpira, yaitwa Master League, ambayo wachukua timu ya wachezaji wasio na jina waijenga msimu baada ya msimu. Na ilikuwa yaishi kwenye memori kadi, ile nyeusi ya MB 8, ukubwa wake haufiki kiberiti. Alikuwa ameizungushia karatasi ya nailoni, juu yake kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, na ilikaa kwenye mkunjo wa kikoi pamoja na pesa za kamba. Faza kulikuwa na jamaa yake mwenye PS2, basi akicheza hapa msimu nusu, akifika Faza aendelea na nusu ya pili. Hakuna intaneti, hakuna akaunti, hakuna paswadi.

Siku moja mashua yao iliingia maji njia ya Mkanda, wakafika salama alhamdulillahi lakini kila kitu kimerowa. Yule bwana hakuuliza bei ya kamba siku hiyo, alikuja na kadi kiganjani kama mtu aliyeshika kifaranga. Tukaifungua, tukaisuuza kwa maji tamu kutoa chumvi, tukaiacha dirishani siku mbili. Siku ya tatu tukaichomeka, chumba kizima kimya. Ikasoma. Misimu saba yote ipo, mpaka wale mabeki waliostaafu wakazaliwa upya vijana.

Haya, sasa mpwa wangu. Mwaka juzi alijinunulia mashine ya kisasa Mombasa, ya mkono wa pili, jina lake nalihifadhi, akaisafirisha kwa basi mpaka Mokowe kisha kwa boti ameipakata mapajani kama bibi harusi. Diski tuliinunua ya halali kabisa safari hii. Tukaitia ndani, mashine ikasema ngoja kwanza kuna apdeti GB 38. Diski naiona! Nimeishika kwa mkono wangu! Bando la wiki likaisha kabla ya nusu. Tukavumilia. Lakini gemu nyingine tatu alizinunua za kudaunlodi kwa kadi ya mjomba wake aliye Jeddah, kama elfu kumi na tano hivi zote, na akaunti alikuwa amefunguliwa na kijana wa dukani kule Mombasa kwa laini ambayo baadaye ilikufa. Ikafika siku mashine ikamtaka athibitishe yeye ni yeye, ikatuma namba ya siri kwa laini iliyokufa. Tukawaandikia wenyewe. Wakajibu kwa adabu sana, barua nne, kila moja na jina jipya chini, wakitaka vitu ambavyo mtu aliyenunua mkono wa pili hawezi kuwa navyo. Mwisho wake gemu zimekwenda. Hazikuibiwa wala hazikuharibika, ziko huko huko ziliko, yeye ndiye haruhusiwi.

Na msidhani ni sisi wa visiwani tu. Kule Marekani jimbo la California limepitisha sheria mwaka 2024, ikaanza kazi 1 Januari 2025, kuwa duka la mtandaoni lisitumie neno "nunua" kwa gemu au sinema ya kudaunlodi bila kumwambia mteja wazi kuwa apewa leseni tu. Sheria yenyewe hairudishi kitu, yalazimisha tu watu kusema kweli, na hilo peke yake lilihitaji bunge! Halafu ile gemu ya magari ya Ubisoft, The Crew, iliyotoka 2014. Hata ukicheza peke yako ilikuwa lazima iwe na intaneti, basi 31 Machi 2024 wakazima seva na watu waliolipa wakabaki na diski ya kuwekea vikombe. Mmarekani mmoja wa YouTube, Ross Scott, akaanzisha kampeni kwa hasira hiyo hiyo, Stop Killing Games, yaani acheni kuua gemu, na Julai 2025 sahihi za ombi lao kwa Umoja wa Ulaya zilikuwa zishapita milioni moja. Mimi huwa siweki sahihi vitu vya mtandaoni lakini ile ningekuwa Mzungu ningeweka mbili.

Mwendo ndio huo huo kila upande. PS5 Pro ya Sony ilipotoka Novemba 2024 waliiuza dola 700 bila hata mdomo wa diski, wautaka ununue kando. Nintendo nao Switch 2 ya Juni 2025 baadhi ya kadi zake ukinunua dukani ndani hamna gemu, mna ufunguo tu wa kuruhusiwa kudaunlodi. Yaani wanunua sanduku la halua, wafungua, mna karatasi imeandikwa halua iko Muscat.

Kwenye kompyuta ndio usiseme, na huku nakujua manake chumba kile cha gemu sasa ni saiba, watu waja kujaza fomu za kodi za KRA na mambo ya serikali kwenye eCitizen na kupiga kopi za vitambulisho. Microsoft walisimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 yataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa kutoka kwa orodha yao, kwa Intel ni kizazi cha nane kwenda juu isipokuwa chache tu. Sasa saiba za pwani hii zaendeshwa na nini kama si zile laptopu na deskitopu zilizotumika maofisini Ulaya zikaletwa huku kwa bei ya nusu, nyingi za kizazi cha nne, cha sita? Mashine nzima, kibodi nzima, umeme yala kidogo, yafungua fomu ya KRA bila jasho. Karatasi yasema imezeeka. Mbili za kwangu nimeiondoa Windows nikazitia Linux Mint, mfumo wa bure, na wateja hawajui tofauti, mama mmoja aliuliza tu kwa nini siku hizi rangi ni kijani. Hizi laptopu mpya nyembamba nazo nyingi ramu imelehemiwa kwenye bodi, huongezi, huibadilishi, na fundi akifungua akuta gundi. Zamani ukifungua wakuta skrubu, ukikuta skrubu wajua aliyetengeneza alikuwaza wewe siku moja.

Mtaniambia basi rudi kwa zamani yako. Hapana. Windows 98 ilikuwa yaanguka mara tatu kwa siku na flashi za watu zilikuwa zimejaa virusi kama embe la mvua limejaa funza. Na jambo kubwa kuliko yote lililonufaisha kisiwa hiki halikuwa hata gemu wala kompyuta, ni M-Pesa, 2007, kwenye kisimu cha vitufe cha kushika chaji siku nne, hadi leo mchuuzi wa samaki alipwa bila kujua bando ni nini. Hiyo kwangu ndiyo teknolojia iliyofikiriwa, ilianza na simu ambayo watu walikuwa nayo tayari.

Kinachoniudhi zaidi ya leseni ni hizi gemu za bure za simu. Jioni ukipita Mkunguni wawakuta watoto wameinama, mmoja aniambia, "Ami, nimefungua masanduku kumi nimepata ngozi moja tu." Ngozi ni nguo ya mchezaji wake. Masanduku walipia, ndani hujui mna nini, ukikosa wanunua tena. Nikamuuliza ustadhi wa madrasa, akanisikiliza mpaka mwisho akasema hiyo hata fatwa haitaki, ni kamari imevaa kanzu. Ubelgiji nao, ambao si watu wa madrasa, tume yao ya michezo ya bahati ilisema hivyo hivyo Aprili 2018 na kampuni kadhaa zikaondoa masanduku kule. Kumbe walijua kuyatoa. Huku kwetu yapo. Na mimi niliyekuwa nikitafutwa na akina mama kwa bakora ati nawatorosha watoto chuoni kwa shilingi tano, leo naonekana mtu mwema.

Basi kama ni bora si bora nimeshasema upande wangu. Nahodha bado yupo, ndevu nyeupe, baharini haendi tena mgongo umemkataa. Juzi Jumanne kaja saiba kupiga kopi kitambulisho, akamaliza, hakuondoka. Akaingiza mkono kwenye kikoi akatoa nailoni, ule ule mpira wa baiskeli umepasukapasuka, akaniuliza kama nimebakisha hata mashine moja. Ninayo, iko juu ya kabati imefunikwa kanga, sijaiwasha tangu nifunge chumba. Nimenunua spiriti, kesho baada ya swala ya Ijumaa nafunga saiba mapema naifungua.