Jibu: Wiki ya nne ya methotreksati na vidole bado vinakaza

Pole sana, dada. Unasema una wiki nne kwenye methotreksati kwa ajili ya baridi yabisi, vidole bado vinakaza kila asubuhi, na unafikiria kuacha. Tafadhali usiache bado.

Dawa hii si ya kutuliza maumivu. Inapoza kinga ya mwili inayoshambulia viungo, na kwa kawaida huchukua wiki 6 hadi 12 kuonyesha kazi yake. Mimi nafuu niliiona wiki ya tisa: asubuhi moja nilifunga vifungo vya shati mwenyewe, nikalia.

Cha kwanza kuhakikisha: unaimeza mara moja kwa WIKI, siku ileile. Ukiimeza kila siku inageuka sumu, na watu wamekufa kwa kosa hilo. Je, umepewa pia foliki asidi, ile vitamini? Inapunguza kichefuchefu na vidonda vya mdomoni. Vipimo vya damu na ini usiviruke. Kama unawaza kupata mtoto, mwambie daktari kabla hujashika mimba.

Kwa maumivu ya sasa, muulize daktari kuhusu prednisoloni ya muda mfupi, dawa ya kushusha uvimbe wa viungo. Mimi si daktari, dozi yako siwezi kuisemea. Ila ukipata homa, au kikohozi kikavu na pumzi kubana, nenda hospitali siku hiyohiyo.