Duka la leso mtandaoni: upokee pesa vipi?

Dadangu, umeuliza uchukue Till au Paybill, yaani nambari za biashara za kupokelea M-Pesa, au kampuni ya malipo ya kadi kwa duka lako la leso hapo Biashara Street, Mombasa. Angalia kwanza wanunuzi wako wako wapi. Wakiwa Likoni, Nyali na Nairobi, anza na M-Pesa peke yake. Mimi ningechukua Paybill, kwa sababu mteja anajaza nambari ya oda kwenye sehemu ya akaunti, na jioni hukai ukikisia hii 1,850 ni ya nani. Fundi wako akiunganisha tovuti na Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha tovuti na M-Pesa, mteja anatokewa na ombi la malipo kwenye simu, anaweka PIN, basi.

Kadi zitakufaa ukiwa na wateja Uingereza au Ghuba. Hapo tafadhali usitazame asilimia ya makato tu. Uliza pesa zinaingia benki baada ya siku ngapi. Kampuni moja ilinizuilia malipo ya abaya siku tisa, na Idi ilikuwa wiki ile. Fundi cherehani nilimlipa kwa kukopa. Hakikisha pia kampuni unayochagua ina leseni ya Benki Kuu ya Kenya. Na weka risiti ya kila mzigo uliotuma, kwani mwenye kadi anaweza kulalamika kwa benki yake hata wiki kadhaa baadaye, na bila ushahidi huo pesa zinarudi kwake na leso zimekwenda.