Uvimbe wa neva ya sikio na dawa za damu, yaliyomkuta mama yangu

Mkuu pole sana na mzee. Umeuliza kama uvimbe wa neva ya sikio, ule usio kansa, unaweza kuvuja damu, maana mzee anao na kaanzishiwa dawa za kuzuia damu kuganda. Unaweza. Ni nadra mno, ila mama yangu yalimkuta.

Yeye alianza na sikio la kushoto, simu akiiweka upande huo hasikii, na usiku kucha mlio kama jenereta la jirani. Picha ya kichwa ya MRI ikaonyesha uvimbe kwenye neva ya nane, ile ya kusikia na ya mizani ya mwili, karibu sentimita 3. Tukaambiwa sio kansa, mingi hukua milimita 1 au 2 kwa mwaka, awe anarudi kupimwa. Tukashukuru Mungu. Baadaye damu ikamganda mguuni akapewa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na sisi hatukumwambia daktari yule habari za uvimbe, tuliona sikio na mguu wapi na wapi. Hilo naliumia mpaka leo.

Asubuhi moja anakunywa chai, naona inamchuruzika pembeni ya mdomo, jicho la kushoto halifumbi, mara akashika kisogo akasema kichwa kinapasuka, akatapika palepale. Hospitali ya kwanza wakasema kiharusi, presha hiyo, masaa yakaenda. Nilipotoa picha za MRI ya zamani ndio daktari mmoja akaagiza CT skani, kumbe damu imevujia ndani ya uvimbe, umefura ghafla umebana neva ya saba ya uso inayopita hapohapo na kusukuma shina la ubongo. Wakampa kwanza vitamini K na plazma, yale majimaji ya damu, ili damu irudi kuganda, ndio wakampasua. Sikio halikurudi. Jicho tulilipaka mafuta na kulibandika plasta kila usiku kwa miezi, lisikauke.

Sasa mkuu, USIMWACHISHE mzee dawa kwa sababu yangu, damu iliyoganda mguuni ikipanda mapafuni inaua. Nenda na picha zake kwa aliyemwandikia dawa, daktari wa ubongo naye aijue dawa hiyo, wapime wao. Kichwa kikimuuma ghafla, akatapika, uso ukapinda au shavu likafa ganzi, hata kama ni saa nane usiku mpeleke, na mlangoni tu sema ana uvimbe na anatumia dawa gani.

Huo wa mzee una ukubwa gani, na INR yake, kile kipimo cha damu inachelewa kuganda kiasi gani, mara ya mwisho ilikuwa ngapi?