Tufani? Mkuu, ngoja kwanza nikusimulie ya Radi

Usiandikishe. Salamu tutapeana baadaye.

Nimesoma uzi wako nikiwa kwenye daladala mpaka nikapitiliza kituo. Mkeo ana mimba ya miezi minane, mnatarajia dume, unataka aitwe Tufani kwa sababu "majina ya siku hizi yamepooza", mama mkwe kanuna, na unauliza mambo manne: kama jina lina uzito wowote kwenye maisha ya mtoto, kama jina la dini ni lazima, jina la babu likae wapi, na bibi atulizwe vipi. Waliotangulia hapo juu wamekujibu "fuata moyo wako mkuu". Mimi niliufuata wa kwangu Machi 2011, na nauli bado nalipa.

Dogo wangu alizaliwa Mwanza, usiku wa mvua. Radi ilipasua mwembe nyuma ya wodi, umeme ukakatika, mtoto akalia kabla jenereta halijawaka. Nikasema huyu ni Radi, hakuna mjadala. Mama yake alikuwa hoi, hata nguvu ya kubisha hana. Rafiki yangu mmoja aliyejiona mwanafalsafa kwa sababu ana ndevu akanipongeza: "Jina zito hujenga mwanaume." Wanawe yeye wanaitwa Brian na Kelvin. Hapo ningestuka, sikustuka.

Nesi kauliza jina, nikataja, akaandika kwenye tangazo la kizazi, ile karatasi ya hospitali kwamba mtoto kazaliwa: Ladi. Kanda yetu r na l ni mapacha, nikacheka tu. Kadi ya kliniki ikatoka Radi, safi kabisa. Kanisani wakasema hapa hatubatizi hali ya hewa, mtoto akatoka na Yohana. Mpaka hapo ilikuwa stori ya kuchekeshea watu msibani.

Balaa lenyewe ni cheti cha kuzaliwa. Kizazi kinatakiwa kiandikishwe ndani ya siku 90. Mimi nilikwenda 2017, mtoto ana miaka sita, shule inataka cheti. Ukichelewa hivyo unadaiwa vielelezo: tangazo, kadi ya kliniki, barua ya mtendaji. Vyangu vikawa havisalimiani. Karani akavipanga mezani kama karata, akavitazama, akanitazama.

"Baba, huyu mtoto anaitwa nani?"

"Radi."

"Radi siyo jina. Radi ni radi."

"Ndiyo jina lake."

"Ladi, Radi, sasa mimi niandike lipi? Tuweke Radhi. Jina zuri, lina heshima zake. Ukitaka utabadilisha baadaye."

Saa nane mchana, foleni imefika mlangoni, tumbo linanguruma, nyuma yangu kuna mama anakohoa kisogoni kwangu kwa makusudi. Nikasema sawa. Yaani mkuu, nimetia saini mikataba ya ajabu katika maisha haya, nimewahi kununua pikipiki ya mtu aliyekuwa jela, lakini hakuna kilichonigharimu kama hiyo "sawa".

Na huyo karani sijamsamehe. Angesema "rudi nyumbani, karekebisheni tangazo kwanza" ningemchukia siku moja tu. Yeye akanipa "baadaye", kwa tabasamu, kama anayenifanyia fadhili. Hiyo baadaye yeye hayumo. Alishahamishwa, na kwenye kiti chake kuna kijana ambaye anaitazama karatasi, anakutazama wewe, kisha anaiamini karatasi.

Hapo ndipo mtego ulipo, naomba usome taratibu. Kila karatasi mpya inanakiliwa kutoka kwenye karatasi ya zamani, hakuna anayenakili kutoka kwa mtoto. Darasa la kwanza mwalimu aliandika Radi kwa sababu dogo mwenyewe alijitaja hivyo. Darasa la nne ulipofika upimaji wa taifa wakarudi kwenye cheti: Radhi. Darasa la saba aliyechapa orodha akakutana na Radhi, akaona huyu lazima kakosewa, akamalizia mwenyewe: Radhia. Na kwa kuwa alikuwa mtu makini, akasahihisha na jinsi. KE.

Desemba 2024 uchaguzi wa kidato cha kwanza unatoka. Tunatafuta jina kwenye wavulana, halipo. Tunarudia, halipo. Mama yake kaanza kulia, mtoto kafaulu vizuri tu na hajachaguliwa. Jioni binti wa jirani kashika simu, anapekua ya kwake, mara akasema, "Anko, mbona Radhi yuko huku kwetu?"

Shule ya wasichana. Bweni. Tukaorodheshewa na mahitaji yake, sketi mbili.

Cheka tu, hata mimi nilicheka, kama dakika moja hivi. Baada ya hapo ni mwalimu mkuu, afisa elimu kata, wilayani mara tatu, wakili wa kuandika kiapo kwamba Ladi, Radi, Radhi na Radhia ni mtu mmoja tena wa kiume, picha za pasipoti, muhuri, muhuri wa kuthibitisha muhuri. Ukijumlisha nauli na siku nilizofunga duka, inapita laki nne. Wenzake walianza Januari, yeye aliingia darasani Februari inaelekea katikati, na jina la utani lilishamtangulia. Hadi leo kuna wajinga wanamwita dada.

Wakili aliniambia kulirudisha Radi kunawezekana: hati ya kubadili jina, isajiliwe, halafu uanze kuzungukia kila karatasi upya kuanzia mwanzo. Nikauliza bei, nikauliza muda, nikanyamaza. Kwa hiyo mwanangu anaitwa Radhi. Jina alilochaguliwa na mtu aliyekuwa anataka kwenda kula.

Kuna usiku nilimkuta anafunika madaftari kwa karatasi za kaki. Kaandika somo, kaandika kidato, kwenye mstari wa jina yote tisa kaacha wazi. Nikamuuliza mbona. Akasema, "Nasubiri uniambie, baba." Hana utani yule mtoto. Kweli alikuwa anasubiri.

Sasa utaniambia tatizo ni ubishi wa majina ya ajabu. Sivyo. Babu zetu walikuwa wakali kuliko sisi: Masumbuko, Mashaka, Tabu, Shida, Majuto. Hakuna jina zito kama Majuto, lakini mpe karani yeyote nchi hii ataliandika huku anapiga mwayo, kwa sababu ameshaliandika mara elfu. Kina Saddam waliozaliwa wakati wa vita ya Ghuba, 1991, redio ilishawatangulia kila ofisi, kilichobaki ni d moja au mbili, na hata hiyo d kuna watu imewatesa. Waulize Wasukuma wenye Ng' kile kikoma chao huwa kinaishia wapi kikifika kwenye kompyuta.

Tena hilo lako ndiyo limenichekesha zaidi. Kimbunga chenyewe kilichotufuata pwani ya Mafia Mei 2024 kiliitwa Hidaya, maana yake zawadi. Kile cha 2021 kiliitwa Jobo. Yaani upepo unaong'oa mabati unapewa jina la kistaarabu, halafu wewe kichanga cha kilo tatu unakipa jina la upepo.

Ila sikukatazi, mwanao ni wako. Nakupa kitu kimoja tu, fanya kabla ya leba. Tafuta watu watatu wasiokujua. Mtamkie kila mmoja jina mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama utakavyolitamka dirishani ukiwa umechoka. Usirudie, usitaje herufi, usieleze maana. Mpe kalamu aandike. Wote watatu wakiandika kitu kimoja, liandikishe hata kama ni Ghadhabu. Mmoja akiteleza, huyo ndiye utakayemkuta hospitali. Na siku hiyo ya tangazo simama juu ya kalamu ya nesi mpaka herufi ya mwisho ikauke, hata wakikuita mkorofi, kisha cheti ukakifuate humo humo ndani ya siku 90. Siku hizi mikoa mingi mtoto wa chini ya miaka mitano anaandikishwa kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata, kwa hiyo kisingizio cha umbali huna.

Jina la babu weka popote. La dini kamuulize padri, sijui sheikh, hukusema ninyi ni wa wapi. Mama mkwe nilikuwa na cha kusema, kimenitoka.

Halafu nilivyoshuka kwenye ile daladala nimekufanyia jaribio lenyewe, bure, vocha utanitumia ukipenda. Mangi wa dukani kaandika Tufani. Dogo wa bodaboda kaandika Stefani. Wa tatu, dada wa steshenari, kashika kalamu, kanitazama, akaniuliza, "Wa kike au wa kiume?"