Gari likizima ghafla na kugoma kuwaka: angalia moto wa plagi kabla ya kununua pampu

Ilikuwa Mikese, saa nane mchana, jua la Februari linachoma. Nilikuwa nampeleka mama Morogoro msibani. Gari lilikuwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, halina dalili yoyote, mara injini ikakata kama taa iliyozimwa. Haikukohoa wala kutetemeka. Nikaliacha liserereke hadi pembeni kushoto, nikaweka pembetatu za tahadhari na matawi mawili nyuma yake, nikapiga starta. Injini ilizunguka vizuri kabisa lakini haikushika. Tulikaa chini ya mwarobaini kama dakika arobaini, mama anapepea kanga. Nilipojaribu tena likawaka mara moja.

Fundi wa kwanza niliyempelekea aliuliza swali moja tu: "Kaka, pampu ya mafuta umebadilisha lini?" Sikujua, kwa sababu nililinunua likiwa limeshatumika. Nikanunua pampu kwa laki moja na themanini. Wiki mbili baadaye likazima Kibaha, kwenye foleni. Tukaweka plagi mpya na filta mpya. Likazima tena. Muda wote huo hakuna mtu aliyekuwa amepima chochote. Gari lilifika gereji likiwa limepoa, linawaka, na kila mmoja akakisia.

Hilo ndilo ninalotaka usilirudie. Tatizo la gari linalozima na kupona lenyewe huonekana kwa muda mfupi tu, pale pale barabarani linapogoma. Likishapoa, ushahidi umepotea. Kwa hiyo ukishahakikisha gari na abiria wako mahali salama, fungua boneti uangalie mambo machache. (Nazungumzia injini za petroli. Dizeli ina njia zake.)

Anza kwa kukumbuka lilivyozima. Gari linaloishiwa mafuta kwa kawaida hukohoa kwanza: linavutavuta, linakosa nguvu ukikanyaga, kisha linakufa. Likikata moja kwa moja bila kukohoa, shuku umeme wa kuwasha. Mshale wa mizunguko ya injini nao husaidia. Ukianguka hadi sifuri papo hapo wakati gari bado linaserereka kwenye gia na injini inazungushwa na matairi, basi kwenye magari mengi ya zamani ishara ya koili (kifaa kinachokuza umeme wa betri ili plagi zitoe cheche) imekatika. Mimi mshale wangu ulianguka mara zote tatu. Nilikuwa na jibu mbele ya macho yangu na sikujua kulisoma.

Kisha sikiliza starta. Ikitoa mlio wa tak tak, au taa za dashibodi zikififia kabisa, tatizo ni betri au vichwa vyake vilivyolegea na kushika ukungu mweupe, na hapo usihangaike na plagi. Betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa, husoma takriban volti 12.6. Injini ikizunguka kwa kasi ya kawaida, songa mbele. Lakini ikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, mlio laini usiopanda na kushuka kama ulivyozoea, acha kupiga starta. Huenda mkanda wa taimingi, ule unaozungusha mfumo wa valvu sambamba na pistoni, umekatika. Kwenye injini yenye distributa (kifaa kinachogawa umeme kwa kila plagi), fungua kifuniko chake mtu mwingine apige starta mara moja, kwa muda mfupi, uone kama rota, kile kipande cha katikati, inazunguka. Ikiwa imesimama, injini ile haiwaki hapo barabarani, na kwenye baadhi ya injini kila unapolazimisha, valvu zinagongana na pistoni. Ita gari la kuvuta.

Rota ikizunguka, tafuta moto. Uwe na plagi moja ya akiba ndani ya gari, ni kitu kidogo sana kwa faida yake. Chomoa waya wa plagi moja, uuchomeke kwenye hiyo ya akiba, uilaze ili chuma chake kiguse kichwa cha injini, kisha mwenzako apige starta. Usiishike kwa mkono, maana pale panapita maelfu ya volti, na usifanye hivyo palipo na harufu ya petroli iliyomwagika. Cheche kali ya bluu inamaanisha upande wa moto uko sawa. Ukikosa cheche, usiruhusu mtu akuuzie pampu.

Cheche ikiwepo, geukia mafuta. Chomoa plagi iliyokuwa ndani baada ya kupiga starta kwa muda: ikiwa mbichi na inanuka petroli, mafuta yanafika. Ikiwa kavu, hayafiki. Watu wengi hufungua swichi, wakisikia kimya kule nyuma, wanasema pampu imekufa. Si lazima. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990, pampu haivumi kwa kufungua swichi tu, inasubiri starta izungushe injini. Sikiliza wakati starta inapigwa. Na kabla ya kugusa pampu angalia fyuzi yake, rilei yake (swichi ndogo ya umeme inayoiwasha), na alamu. Alamu nyingi zilizofungwa mtaani zimekata waya wa pampu au wa swichi, zikaunganishwa kwa kusokotwa na kuzungushiwa utepe mweusi. Kiungo kile kikilegea, gari linazima kama kwamba limeamriwa.

Pampu hufa kweli, sikatai. Ile iliyo ndani ya tanki inapozwa na petroli yenyewe, kwa hiyo anayetembea kila siku taa ya mafuta ikiwaka anaichosha. Ila ipimwe presha kwanza.

Langu lilitatuliwa na mzee mmoja fundi umeme kule Morogoro. Nilipoanza kumtajia vitu vilivyobadilishwa, akanikatisha kwa upole: "Mwanangu, hivyo niachie. Likizima, plagi inatoa moto?" Nikamjibu sijui. Akaliwasha, akafunga boneti, akaliacha likinguruma uani huku akiendelea na kazi nyingine. Baada ya saa moja hivi likazima. Akafika na plagi yake mkononi kabla halijapoa. Hakuna moto. Akachomoa koili, ambayo kwenye gari langu la mwaka 1996 imefungwa ndani ya distributa, akaipima ikiwa ya moto: mita haikusoma chochote, waya wa ndani umekatika. Akaiweka juu ya meza kivulini, tukanywa chai, akaipima tena. Ikasoma vizuri kama mpya.

Alinieleza kwamba waya mwembamba ndani ya koili ukipata ufa, joto linautanua na kuutenganisha, ukipoa unagusana tena. Ndiyo sababu ya zile dakika arobaini. Koili na fundi vilinigharimu elfu tisini. Sensa ya krenki, ile inayohisi mzunguko wa injini, nayo huugua hivyo hivyo kwenye magari yaliyo nayo, kwa hiyo likizima la moto na kuwaka la baridi, hivyo viwili vianze kwenye orodha yako.

Jambo moja la usalama ambalo sikulijua siku ile. Injini ikizima gari likiwa kwenye mwendo, usichomoe ufunguo, usukani unaweza kujifunga. Usukani utakuwa mzito na breki itabaki na msaada wa kukanyaga mara chache tu, kwa hiyo kanyaga mara moja kwa uthabiti badala ya kupampu.

Na kama likiwaka kabla hujamaliza kuangalia, andika kwenye simu: saa, umbali uliotembea, mshale ulifanya nini, lilipumzika dakika ngapi. Mwonyeshe fundi maandishi hayo kabla hajashika spana.