Kabla hujanunua darubini, kaa kwanza chini ya mwembe wenu

Juzi dada mmoja wa Kahama kanitumia meseji ndefu, anasema na yeye anataka kuwa muongoza watalii wa ndege, anauliza anunue darubini gani na aanze kukariri ndege gani, maana kwao hakuna msitu na uani anaona shorewanda na tetere tu. Nimempigia tukaongea karibu saa nzima, halafu nikaona bora niandike na hapa, kwa sababu wanaoniuliza hivyo ni wengi na wote tunataka kitu kimoja, tuishi kwa hii kazi.

Miaka minne nyuma nilipata kibarua kwenye kampuni moja ya utalii, sitaitaja. Nilikuwa nimekesha wiki nzima nakariri ndege wa Usambara Mashariki. Yule mdogo mwenye mdomo mrefu aliyepewa jina la Moreau, Mwingereza aliyefanya kazi Amani, huko huko milima ya Usambara Mashariki, kuanzia 1928 mpaka 1946, nilikuwa namjua, nikajua mpaka habari za Salimu Asmani aliyekuwa anaingia msituni kumtafutia ndege. Chozi wa Amani, ndege mwingine wa huko, ndio usiseme. Nilijiona nimeiva.

Mgeni wangu wa kwanza alikuwa mzee wa makamo ya babu yangu. Asubuhi tunakunywa chai Muheza kabla ya kupanda mlimani, akaninyooshea kidole mnana kwenye mnazi, akauliza mbona anabomoa kiota chake mwenyewe. Nikajibu harakaharaka kwamba anapigana na mwenzake. Mwenzake mwenyewe hayupo hata kwa kurogwa! Mzee akanitazama kidogo, akarudi kwenye chai yake, na siku tatu zote tulizokaa Amani hakuniuliza swali lingine. Kampuni haikunipigia tena. Baadaye dereva akaniambia mgeni aliandika kwamba kijana hajui hata ndege wa nyumbani kwao. Maneno hayo yananiuma mpaka leo, siwezi kuficha.

Nikarudi kwa mama, nikachukua kigoda nikakaa chini ya mwembe nikaanza na mnana yule yule. Dume anang'ata ukingo wa jani la mnazi, anaruka nalo, linachanika utepe mrefu kuliko mwili wake, kama kinamama wanavyochana ukindu wa mkeka. Kwanza anafunga pete. Anasimama ndani ya ile pete na hatoki, anasuka mbele na nyuma mpaka pale mdomo unapofika, ndio maana kiota kinamkaa sawa mwilini. Kikiisha ananing'inia mlangoni kichwa chini anapigapiga mabawa kumwita jike. Jike anaingia, anavutavuta nyuzi, anatoka anaenda zake. Kiota kikishakauka kikawa cha kahawia bila jike kukikubali, dume anakichana chote mwenyewe na kuanza kipya, kwa sababu majike wanataka kibichi. Ilinichukua wiki mbili kupata jibu la swali la mzee, na hakuna mtu aliyenifundisha, nilikaa tu.

Halafu usiku. Kwetu kulikuwa na sauti, ting, ting, ting, kama mtu anagonga chupa kwa msumari, miaka yote tunasema ni chura. Nikatoka na tochi nikaifuata mpaka mwembeni, nikakuta popo ananing'inia, ana manyoya meupe mabegani yamefunuka kama maua mawili, anaita jike. Popo wale wale ndio wanaobeba mapera ya mbali wanakuja kuyatafuna kwenye mwembe wetu, wanafyonza maji na kutema makapi, mbegu zinabaki chini. Mama alikuwa anafagia mapera kila asubuhi na uani hatuna mpera hata mmoja.

Ila hapo ndio nikaitwa mchawi. Jirani aliniona na tochi saa saba usiku naangalia juu ya mti, kesho yake mtaa mzima unajua. Mama alilia. Nilienda kwa mwenyekiti wa mtaa, jioni yake nikamleta yeye na huyo jirani wakasikia ting kwa masikio yao na wakamuona popo, ndio yakaisha. Kwa hiyo nakuomba sana, kabla hujazunguka usiku waambie majirani na mwenyekiti. Na popo usimshike kwa mkono mtupu hata akiwa ameanguka, anaweza kuwa na magonjwa.

Daftari uwe nalo, andika saa, mti, na alikuwa anafanya nini. Jina litakuja baadaye. Kaa chini, usitembeetembee. Sisi vijana tunapenda kukimbilia ndege wa kwenye mabango wakati hujui nani anakunya kwenye ukuta wenu, na hii ni tabia mbaya tuiache. Wadudu pia usiwaruke. Wale kereng'ende wa njano wanaojaa viwanjani wakati wa vuli, wapo wanaovuka bahari toka India kwa upepo, Charles Anderson aliyekaa Maldives aliandika habari zao 2009 baada ya kuwaona kila mwaka wanapita visiwani. Wanataga kwenye madimbwi ya mvua. Madimbwi yetu haya haya tunayoyaruka kwenda dukani!

Mwezi uliopita nimekaa na wageni wawili siku nne kwa jina langu mwenyewe. Jioni ya kwanza hatukwenda popote, niliwapa viti uani kwa mama. Wamesharudi kwao na wameniletea wengine watatu wa Disemba.

Darubini dada yangu chukua 8x42, yaani inakuza mara nane na kioo cha mbele kina upana wa milimita 42, hata ya mtumba ilimradi vioo havina ukungu, hizo za 10 mkono ukitikisika na picha inatikisika. Lakini uliniambia shorewanda wanagombana kwenye mpapai wenu kila asubuhi. Kaa hapo siku saba, unitumie ulichoandika.